Ushahidi wa Mwenye Kuuliza

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyofichika na yaliyo dhahiri, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ambaye watu wa Makka walimwita Mwaminifu kabla hajapewa utume. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa letu tumeletewa suali na kijana ambaye tumemsomesha tangu udogo wake. Suali lenyewe kwa kulisikia laonekana dogo, na baadhi yetu tulikuwa karibu kulijibu kwa neno moja. Lakini tulipolizingatia tuliliona kuwa lina mizizi mirefu, na kwamba halimhusu yeye peke yake. Tumeonelea basi tuliandike hapa pamoja na jawabu lake.

Kijana huyu, baada ya kumaliza masomo yake ya chuo, alikaa mjini muda mrefu pasi na kazi, kama wakaavyo wengi katika vijana wetu. Kisha akapata kazi ya miezi miwili katika kaunti za Kisii na Nyamira, safari ya karibu kilomita 800 kutoka hapa pwani. Kazi hiyo huitwa usaidizi wa utafiti wa sera. Maana yake ni kuwa kuna wataalamu watakao kujua hali ya watu katika jambo fulani, kwa mfano matibabu ya wanawake wajawazito, au maji ya kunywa, au bei ya majani ya chai, ili waandike shauri la kupelekwa kwa wenye kupanga mambo ya serikali. Wataalamu hao hawawezi kufika katika kila mlango. Kwa hivyo huajiri vijana, wakawapa masuali yaliyokwisha kuandikwa na orodha ya nyumba za kuuliza. Yule apigaye hodi, akaketi na wenyeji, akauliza na kuandika, ndiye msaidizi wa utafiti.

Katika kijiji kimoja alipewa nyumba 40. Alizifikia 34. Zile sita zilizosalia zilikuwa ng'ambo ya kijito, juu ya mlima, na mvua ya alasiri, ambayo nchi ile haiikosi, ilikuwa imekwisha kuanza. Kesho yake kundi zima lilikuwa lihamie mahali pengine. Msimamizi wake akamwambia: “Wewe watu wa hapa umekwisha kuwajua. Zijaze tu hizo zilizobaki.” Kijana akaketi chini ya upenu wa duka, akazijaza.

Aliporudi nyumbani alitujia akatwambia: “Maalim, nimekosa raha, wala sijui kama nina haki ya kukosa raha. Nyumba 34 za kijiji kile kile nilikuwa nimekwisha kuziuliza. Nilijua watu wale watasema nini. Huenda nililoliandika lisiwe na kosa hata moja. Na ikiwa niliyoyaandika ni kweli, je, nimesema uongo?”

Hilo ndilo suali. Nasi kabla ya kulijibu tutaondoa kwanza shaka nyingine, kwa sababu wazee wawili waliokuwapo barazani walilitupilia mbali suali hili kwa kusema kuwa kazi yenyewe haifai tangu asili yake. Walisema: “Kazi gani hii ya kwenda kuuliza watu mambo ya majumbani mwao? Je, Qurani haikukataza kupelelezana?”

Twasema: ni kweli, Mwenyezi Mungu amekataza kupelelezana katika aya ya 12 ya Sura ya al-Hujurat. Lakini katika sura hiyo hiyo, aya ya 6, ametuamrisha tukiletewa khabari na mtu asiyeaminika tuihakikishe, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Sura moja imekusanya makatazo na amri, na hazipingani. Kilichokatazwa ni kuziwinda aibu za watu kwa siri. Kilichoamrishwa ni kuujua ukweli kabla ya kutenda. Mwenye kubisha hodi mchana, akajitaja jina, akaeleza lililomleta, akaomba ruhusa, na akikataliwa akaondoka kwa salama, huyo si mpelelezi wa aibu. Na katika riwaya aliyoipokea Imamu Bukhari, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaamrisha masahaba wamwandikie idadi ya waliosilimu, wakamwandikia wanaume 1,500. Basi kuhesabu watu na kuandika hali zao kwa ajili ya maslaha yao ni jambo lililotendwa tangu mwanzo wa Uislamu. Sheria za Kenya nazo zimeliwekea mipaka. Sheria ya mwaka 2013 yataka mtafiti awe na kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, na sheria ya mwaka 2019 yazilinda khabari za mtu zisitumiwe kinyume cha alivyokubali. Kazi ni halali. Lililobaki ni namna ya kuifanya.

Sasa na tutazame jibu la mtu likishaandikwa huenda wapi, maana mwenye kudhani kuwa karatasi ni karatasi tu hawezi kuuona uzito wa suali hili.

Sisi watu wa pwani twaijua Kisii kwa ndizi zake, na kwa yale mawe laini ya Tabaka yachongwayo vibakuli na vinyago vinavyouzwa hata katika maduka ya Mombasa. Lakini wenyeji wake twawajua kidogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Nyamira, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kisii, ilikuwa na watu 605,576. Nchi yao ni ya milima yenye rutuba, lakini ni ndogo. Katika kaunti ya Kisii kila kilomita moja ya mraba ina watu zaidi ya 900. Shamba la babu limegawiwa wana, na la wana limegawiwa wajukuu, mpaka mtu aweza kusimama kwenye migomba yake akazungumza na jirani aliye katika majani yake ya chai bila ya kuinua sauti. Mahali kama hapo, kosa dogo katika kugawa zahanati, au mabomba ya maji, au waganga, huwagusa watu wengi kwa mara moja.

Na mgawo siku hizi hufuata hesabu. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, fedha za taifa hugawanywa baina ya kaunti 47 kwa kanuni maalumu. Kanuni ya kwanza, iliyopitishwa mwaka 2012, ilitoa sehemu 45 katika kila mia kwa kutazama idadi ya watu, na sehemu 20 kwa kutazama umaskini. Umaskini huo haukupimwa kwa kuutazama angani. Ulipimwa kwa watu waliobisha milango na kuuliza: mwala nini, mwatumia kiasi gani, mwatoa wapi maji? Kila kaunti nayo huandika mpango wake wa miaka mitano, na Katiba ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe. Mji wa Keroka, ambao uko mpakani, una watu wa upande wa Kisii na watu wa upande wa Nyamira, na kaunti mbili hizo zimepata kugombana juu ya mpaka huo na ushuru wa mji. Mtu wa Keroka ajua vyema kuwa kuandikwa hapa au pale si jambo la mchezo. Basi neno analolisema mama wa kijijini jikoni kwake hupita katika karatasi, likaingia katika jedwali, likaingia katika shauri, na mwisho likawa shilingi, au likawa kukosa shilingi.

Tukishalifahamu hilo, turejee kwa kijana wetu. Hoja yake ni hii: kilichoandikwa kikiwa sawa na hali ilivyo, uongo uko wapi?

Jawabu letu ni kuwa katika kila karatasi ile mna khabari mbili. Khabari moja ni ile iliyo wazi, kwamba nyumba hii hunywa maji ya kijito na mama wa nyumba hii alizalia nyumbani. Khabari ya pili haikuandikwa kwa wino, lakini ndiyo inayoibeba ya kwanza, nayo ni: mimi nilifika, nikauliza, nikajibiwa. Khabari ya kwanza yaweza kusadifu ikawa kweli. Ya pili ni uongo mtupu. Na mwenye kuisoma karatasi ile mbali huko hana njia ya kuiamini ya kwanza ila kwa kuiamini ya pili.

Wala hili si jambo tulilolizua sisi. Mwanzoni mwa Sura ya al-Munafiqun twaelezwa ya kuwa wanafiki walimjia Mtume wakashuhudia kwamba yeye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Maneno yao yalikuwa kweli isiyo na shaka, na Mwenyezi Mungu mwenyewe akathibitisha kuwa ajua hakika kuwa huyu ni Mtume wake. Lakini papo hapo akashuhudia kuwa wale ni waongo. Maneno ya kweli, na wasemaji waongo! Imekuwaje? Ni kwa sababu waliposema “twashuhudia” walidai kuwa na kitu nyoyoni mwao ambacho hawakuwa nacho. Mtu aweza kutamka kweli na akawa mwongo, akiwa amejidai shahidi wa asichokishuhudia.

Wanazuoni wetu wa hadithi walilijua jambo hili kwa undani kuliko watu wote. Walikuwa wakimwuliza mpokezi: umesikia kwa nani, lini, na wapi? Na ikibainika kuwa mtu ameleta maneno kwa namna ya kuwafanya watu wadhani ameyasikia kwa shekhe fulani, hali ya kuwa hakuyasikia kwake, jambo hilo waliliita tadlisi, wakamtahadharisha kila mtu naye, hata kama maneno yenyewe yamethubutu kwa njia nyingine. Na mwenye kusema waziwazi “nimesikia” ilhali hakusikia, huyo walimhesabu mwongo na wakaziacha riwaya zake. Hawakusema: “Madhali maneno ni sahihi, hapana neno.” Walijua ya kuwa mlango huo ukifunguliwa kwa ubuya mmoja, utaingia mbuyu mzima. Basi ndugu zetu, msaidizi wa utafiti ni mpokezi, na karatasi yake ni riwaya. Akiandika “nimeuliza” ilhali amedhani, amefanya jambo baya kuliko tadlisi. Hata zile karatasi 34 za kweli amezitia doa, kwa kuwa tangu hapo hapana ajuaye ipi aliisikia na ipi aliibuni.

Kijana alitwambia tena: “Lakini ni sita tu, katika mamia.” Hoja hii nayo na tuipime kwa hesabu. Kazi ya namna hii haiulizi nyumba zote. Huchagua nyumba chache zisimame mahali pa nyingi. Tuseme nyumba 400 zimechaguliwa kusimama mahali pa nyumba 100,000. Kila nyumba moja yasimama mahali pa nyumba 250. Mwenye kubuni majibu ya nyumba sita amezinyamazisha nyumba 1,500, akazisemea yeye kutoka chini ya upenu wa duka.

Na liko baya zaidi ya hilo, nalo ndilo tunalotaka msomaji wetu asilisahau. Nyumba zile sita hazikuachwa kwa bahati. Ziliachwa kwa sababu zilikuwa mbali na barabara, ng'ambo ya kijito, juu ya utelezi. Lakini nyumba iliyo mbali na barabara ndiyo hiyo hiyo iliyo mbali na zahanati, na ndiyo ambayo mama mwenye uchungu huteremshwa usiku kwa kubebwa, na ndiyo ambayo mzee akifiwa na watoto wake hapana mtu apitaye kumtazama. Kijana alizijaza kwa kufuata zile 34 za karibu, yaani aliwavika watu wa mlimani hali ya watu wa barabarani. Hapa ndipo dai lake la kuwa majibu ni kweli lisiposimama. Hakuwa na njia ya kujua. Alijua ya nyumba alizoziuliza, akadhani za wengine ni hivyo hivyo, na katika aya ya 36 ya Sura ya al-Isra Mwenyezi Mungu amekataza kuyafuata tusiyo na elimu nayo, akatujulisha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Na hivi ndivyo ilivyo dhana ya mwenye haraka katika kila mahali: aghlabu humdhulumu aliye mbali, kwa sababu aliye karibu amekwisha kuulizwa.

Sote twakijua kisa cha Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alipotoka usiku pamoja na Aslam mpaka nje ya Madina, wakauona moto, wakamkuta mwanamke ameteleka chungu cha maji matupu ili awatulize watoto wenye njaa, naye akamlalamikia Umar mwenyewe bila ya kumjua, kwamba ametawala na hana khabari nao. Umar akarudi mbio, akabeba unga kwa mgongo wake. Watu hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya ule unga. Sisi leo twataka tukisimulie kwa ajili ya ule mwendo. Lau Khalifa angeketi msikitini akawakisia walio mbali kwa hali ya jirani zake, angelala usiku ule akiwa na yakini kuwa raia wote wamekula.

Watauliza watu: na yule msimamizi aliyetoa amri? Twasema, yeye ana sehemu yake katika dhambi hii, na huenda ikawa ndiyo kubwa. Hapana utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba, lakini vilevile mwenye kuajiri hana haki ya kumpangia mtu kazi isiyomalizika kwa siku alizompa, akamlipa kwa wingi wa karatasi, kisha akashangaa kuona karatasi zimejaa. Mkataba wa namna hiyo huilea khiyana. Vijana wa kazi hii aghlabu ni wa muda. Majina yao hayatokei juu ya kitabu, na mkataba ukiisha hapana awakumbukaye. Wakisii wamekuwa wakiulizwa na wageni kwa miaka mingi. Mtaalamu Robert LeVine alikwenda kwao mwaka 1955, akarudi tena na wenzake katika miaka ya 1970, na vitabu vikaandikwa vinavyosomwa mpaka leo katika vyuo vya dunia. Mwenye kusoma vitabu vya namna hiyo hulijua jina la mtaalamu. Ni wachache wajiulizao ni nani aliyepanda mlima. Lakini jina kutotajwa kitabuni hakumwondolei mtu dhamana yake, kwani iko daftari ambamo hakuna jina liachwalo.

Pamoja na ukweli, kazi hii yataka na ujuzi. Yasimuliwa ya kuwa Imamu Malik aliwakuta katika msikiti wa Mtume watu sabini ambao lau wangekabidhiwa hazina ya Waislamu wangeilinda, wala hakuchukua hadithi kwao, kwa kuwa hawakuwa watu wa fani hiyo. Wema peke yake hautoshi. Kijana wetu alitueleza jinsi alivyoketi mbele ya bibi mmoja mzee wa Nyamira ambaye Kiswahili chetu hakukisikia ila maneno mawili matatu. Alimwuliza kupitia kwa mkalimani. Bibi yule akazungumza kwa muda mrefu, akaonyesha mlima, akaonyesha mguu wake, mara akajifuta macho. Mkalimani akageuka akasema: “Amesema ndiyo.” Kijana akaandika ndiyo. Hapo hakuna aliyekusudia kudanganya, na hata hivyo khabari nzima imepotea. Ilimpasa ambembeleze mkalimani arudie neno kwa neno, na ikiwa karatasi haina nafasi, aandike pembeni. Mwenye kutumwa kuchota maji kwa pakacha, hata akienda mbio vipi, amefika mikono mitupu.

Tena kuna amana ya upande wa pili, nayo ni ya yule aliyejibu. Watu wale humfungulia mgeni mambo wasiyoyasema mbele ya ndugu zao, kama maradhi, madeni, na ugomvi wa mume na mke. Mengine yana khatari kwa sheria. Ukeketaji wa wasichana, ambao umekuwa ni ada ya Wakisii, umekatazwa kwa sheria maalumu tangu mwaka 2011, na adhabu yake si chini ya miaka mitatu ya kifungo au shilingi 200,000. Sheria hiyo hiyo imemlazimisha mwenye kujua kuwa jambo hilo limetendwa, au lataka kutendwa, atoe taarifa. Basi msaidizi asiseme kwa wepesi: “Nambie, sitamwambia mtu.” Aseme kabla ya kuuliza ni lipi awezalo kulificha na lipi asiloweza, kisha amwache mtu achague kusema au kunyamaza. Siri ya mwenye kusimulia aliyopatwa nayo ihifadhiwe. Ama mtoto ambaye atakatwa kesho, huyo ana haki ya kuokolewa iliyo kubwa kuliko haki ya siri. Na kadhalika asiwaahidi watu maji wala barabara kwa sababu wamejibu. Hana maji wala barabara mfukoni. Alicho nacho ni kufikisha neno tu, na hilo alifikishe lilivyo.

Sasa kijana wetu afanye nini? Yeye alikwisha kujuta, na majuto ndiyo mwanzo wa toba. Lakini dhambi inapogusa haki za watu, toba haitimii mpaka haki irudishwe. Tulimwambia: “Mwanangu, huwezi kuirudisha mvua ile wala siku ile. Uwezalo ni kumwandikia mkuu wa utafiti umtajie nyumba zile sita, umwambie kuwa hukuziuliza, ili azifute, na urudishe ujira wa karatasi zile.” Akatwambia: “Zikifutwa, hesabu itapungua.” Tukamjibu kuwa hesabu pungufu iliyokiri upungufu wake ni kweli, na hesabu kamili iliyojazwa kwa dhana ni uongo. Mahali palipoachwa wazi pamwambia mpangaji: huku hatukufika. Huenda likamfanya atume mtu mwingine. Mahali palipojazwa uongo pamwambia: huku nako tumekwisha kufika, funga daftari.

Kijana aliandika barua ile. Hakumtaja msimamizi kwa ubaya, alisema lililo lake. Alijibiwa kwa maneno mafupi kuwa karatasi zimeondolewa. Kazi nyingine ilipotokea, wenzake waliitwa na yeye hakuitwa. Hatutaki kumficha msomaji jambo hili, wala kumalizia kwa kusema kuwa alipata kazi iliyo bora zaidi, kwani mpaka tunapoandika haya bado aitafuta. Ukweli una bei, na mara nyingi hulipwa na asiye nacho. Kwa sababu hiyo twasema kuwa jamaa anayemtaka kijana awe mkweli kisha akamwacha aibebe bei hiyo peke yake, naye ana khiyana yake. Sisi wa darasa hili tumeafikiana kumsaidia mpaka apate riziki, na twawaomba wenye maduka na ofisi katika wasomaji wetu wasione haya kumwajiri mtu aliyepoteza kazi kwa kusema kweli. Wapi watampata mwaminifu zaidi?

Mwisho, tujitazame na sisi. Usiku wa tarehe 24 Agosti, 2019, watu wote wa Kenya walipohesabiwa, wako katika sisi waliopunguza watoto kwa kuogopa jicho, na wako walioongeza wageni kwa kutamani mgawo, na wako waliomwambia muulizaji: “Andika upendavyo.” Huyo wa mwisho amemwambia kijana wa watu ashuhudie uongo kwa niaba yake. Kisha twalalamika barazani kuwa serikali haitujui! Itatujuaje nasi tumekataa kusema, au tumesema yasiyokuwapo? Mwenye kuuliza ana amana, na mwenye kuulizwa ana amana. Akija kwako mtu wa kazi hiyo, mwulize kibali chake, mwulize majibu yatakwenda wapi. Ukiridhika mkaribishe na umwambie kweli, na usiporidhika mkatalie kwa wema. Na akija mwanao kukwambia kuwa amepata kazi ya kwenda kuuliza watu Kisii au Nyamira au kwingineko, usimdharau. Mwambie avae viatu vya kupandia mlima, na akumbuke kuwa nyumba ya mwisho, iliyo ng'ambo ya kijito, ina haki sawa na ya kwanza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kuzitimiza amana zao na kusimama imara katika ushahidi wao, na atulinde na kusema tusiyoyajua. Amin.